Phenol-Explorer: nzuri sana, ila angalia safu unayosoma

Hifadhidata hii ya bure kutoka Ufaransa, iliyofunguliwa 2009, ina takriban polifenoli 500 (kemikali asilia za mimea) katika vyakula zaidi ya 400. Kwa kukadiria ulaji wa taifa zima, inastahili sifa zote. Miligramu zake ni kwa kila gramu 100 za chakula: zizidishe kwa gramu zilizoliwa, gawa kwa 100. Vinywaji husomwa kwa mililita: kikombe cha kahawa cha mililita 200 ni mara 2.

Kinachoharibu hesabu ni kuchanganya safu ya takwimu za kromatografia (hutenganisha na kupima kila polifenoli peke yake) na ya Folin (kipimo cha kemikali cha jumla ya polifenoli). Folin hudaka hata vitamini C, basi juisi ya chungwa huonekana na polifenoli nyingi kuliko ilizonazo.

Toleo la 2013 liliongeza athari za mapishi. Zitumie! Maji ya kuchemshia mboga yakimwagwa, polifenoli nazo humwagika. Vyakula vya mchanganyiko, vichambue kwanza kiungo kwa kiungo.