Nimetumia ramani za umaskini za mtandaoni kutafuta pa kuweka kituo cha watoto hapa Lindi, uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka: hizi ramani zinafaa, tena zinafaa sana kwa mtu asiye na ofisi wala mtaalamu wa takwimu pembeni, ila usikubali rangi ya ramani ikuamulie peke yake mtaa upi una shida na upi hauna, hasa huku kwetu Kusini ambako pesa ina msimu wake.

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunataka kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, wale ambao mama zao alfajiri wako shamba au sokoni au stendi wanauza, na mtoto anabaki na dada yake ambaye mwenyewe alitakiwa awe shule. Swali letu lilikuwa tukiweke wapi. Kwenye kikao kila mtu anavutia mtaani kwake, na andiko la kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambao 4 ni ya wanawake, tukataka liwe na sababu inayoeleweka kwanini hapa na sio pale. Mimi ndo mwenye laptopu kwaiyo kazi ikawa yangu.

Ramani niliyoanza nayo ni ile ya povertymaps.net, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley pamoja na Meta, hawa wenye Facebook. Unazumu mpaka Tanzania, mpaka Lindi, unakuta nchi imekatwa viboksi vya kilomita 2.4 kwa 2.4 kila kimoja na rangi yake. Kiukweli nilisisimka. Kuuona mkoa wangu wote kwenye skrini moja, Kilwa kule juu, Liwale na mapori yake, Ruangwa, Nachingwea, miji inajitokeza yenyewe kwa rangi, ni kitu ambacho zamani nilidhani mpaka uwe na kitambulisho cha wizara. Na haina kujisajili wala kulipia.

Ila lazima uelewe unaangalia nini, na hapa naona watu wengi watapotea. Namba ya kile kiboksi sio shilingi na wala sio asilimia ya maskini, ni nafasi ya sehemu ile ukiilinganisha na sehemu nyingine za Tanzania hii hii, kwaiyo huwezi kuchukua kiboksi cha Lindi ukakipambanisha na cha Kenya au Msumbiji. Na hakuna aliyekuja kuhesabu hapo. Walichofanya ni kuchukua tafiti za nyumba kwa nyumba kutoka nchi 56, zile ambazo mtu anakuja anakuuliza una redio, una baiskeli, sakafu yako ya nini, choo cha aina gani, halafu wakaifundisha kompyuta ioanishe majibu hayo na picha za satelaiti, mitandao ya simu na data za jumla za wanaotumia Facebook, kisha kompyuta ikakisia hata sehemu ambazo hakuna mtu aliyeulizwa kitu. Kwaiyo inachokiona ni vitu. Bati, barabara, taa, simu.

Sasa njoo Kusini. Mwaka wetu unaenda kwa minada, ufuta kwenye mwezi wa sita hivi, mbaazi zinafuata, halafu korosho kuanzia mwezi wa kumi, na hapo ndo bati linapandishwa, pikipiki inanunuliwa, harusi zinafungwa, watoto wanatolewa jandoni na unyagoni kwa ngoma kubwa. Msimu wa 2017/18 korosho iligusa shilingi 4,000 kwa kilo, na ukipita vijijini mpaka leo unaonyeshwa nyumba zilizotoka kwenye makuti kwenda kwenye bati kwa pesa ile. Bati likishapanda halishuki. Mwezi wa pili na wa tatu masika yamekolea, stoo imeisha, pesa ya korosho ilishalipa madeni, watu chini ya bati hilo hilo wanakula mlo mmoja na wengine wanaingia porini kuchimba ming'oko, yaani mizizi ya porini inayoliwa, satelaiti ikipita inaona bati linang'aa.

Nilipoionyesha ramani kwenye kikao, mama mmoja mtu mzima ambaye amelima korosho maisha yake yote aliitazama kwa utulivu akaniuliza, "Mwanangu, hii rangi wameipiga mwezi gani?" Hakuna sehemu yoyote kwenye ramani ya kumjibu. Na nakwambia hilo ndo swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Swali lake lilinirudisha kwenye utafiti wa NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ule wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Wenyewe unachukua mwaka mzima, wa 2017/18 ulianza Desemba 2017 ukaisha Novemba 2018, ili mtu afuatwe msimu wa kula na mwingine afuatwe msimu wa kubanabana, ndo maana mimi nauamini. Walipata mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ni shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na Tanzania Bara asilimia 26.4 ya watu wako chini ya hapo, vijijini 31.3, mijini 15.8. Ila huo utafiti nao haushuki mpaka mtaani kwako, kaya walizohoji hazifiki elfu kumi kwa Bara nzima, zinatosha kusema mkoa ukoje, hazitoshi kusema kata ya Mtanda ikoje na ya Rasbura ikoje. Sensa ndo inahesabu kila mtu, ya 2022 ilipata watu 61,741,120 nchi nzima na mkoa wetu 1,194,028, inauliza paa, ukuta, maji, choo, unapikia nini, lakini haikuulizi mwezi huu umetumia shilingi ngapi.

Kwaiyo popote utakapokuta ramani imeandikwa asilimia ya maskini kwa kata, jua kuna mtu ameunganisha hivi viwili, kachukua uhusiano wa vitu na matumizi kutoka kwenye utafiti mdogo akaupeleka kwenye sensa kubwa. Ni njia inayokubalika, Benki ya Dunia wanaitumia miaka mingi na nchi nyingi, mimi sina ugomvi nayo hata kidogo. Nataka tu iandikwe kwa herufi kubwa juu ya ramani na sio kwenye PDF ya kurasa mia.

Viboksi navyo. Kilomita 2.4 kwa Liwale ni sawa, kwa Lindi mjini ni kubwa mno. Upana huo unatosha kuvuka maji, maana yake watu wa mjini na watu wa ng'ambo Kitunda wanaweza kuangukia kiboksi kimoja na kupewa wastani mmoja, wakati mwenye mgonjwa Kitunda usiku anasubiri chombo na wa mjini anapanda bajaji. Wastani wa hao wawili haumhusu yeyote kati yao.

Kwa upande wa idadi ya watoto, ambayo kwetu ndo ilikuwa muhimu zaidi, nilitumia WorldPop ya Chuo Kikuu cha Southampton. Wao wanagawa watu kwenye vipande vya mita 100 kwa 100 na wana mpaka mgawanyo wa umri na jinsia, unadanlodi faili unalifungua kwenye QGIS ambayo ni programu ya bure ya ramani, sio rahisi mwanzoni lakini kijana yeyote aliyesoma kompyuta kidogo atakuelekeza. Nayo ni makadirio, wanachukua jumla ya sensa ya eneo kubwa wanaitawanya kwa kuangalia majengo na barabara na vitu kama hivyo. Kwaiyo nilikuwa naangalia wapi watoto wamesongamana, halafu narudi kwenye ripoti za sensa za NBS zenye idadi ya watu kwa kata na umri kuhakikisha. Zikikubaliana naandika, zikipishana naenda kumuuliza mwenyekiti wa mtaa. Hawa wenyeviti wana daftari na wanajua, msiwadharau.

Kitu kimoja kuhusu Lindi ambacho kitamchanganya yeyote anayelinganisha sensa mbili: manispaa yetu mwaka 2012 ilikuwa na watu 78,841, sensa ya 2022 imezidi 174,000. Mtu wa mbali akiona hivyo kwenye ramani atasema Lindi imelipuka, gesi imeleta watu, mradi wa kiwanda cha gesi wa Likong'o umeleta watu. Hapana jamani, mipaka ilibadilika. Iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi iligawanywa, upande mmoja ukawa Mtama na upande wa Mchinga ukaingia manispaa. Watu wako pale pale walipokuwa, wamehamishwa kwenye karatasi. Na kwa sababu vile vijiji sasa vinahesabiwa manispaa, wastani wa maji na umeme wa "mjini" Lindi unashuka bila mtu hata mmoja kukatiwa bomba. Kuna ramani bado inatumia mipaka ya zamani na nyingine mipya na hazikwambii. Ukishindwa kuona tarehe ya mipaka, usilinganishe.

Ndugu yangu aliyeko Marekani akanitumia linki ya Census Reporter, tovuti ya kwao ya takwimu za watu kwa eneo, nikaifungua kwa hamu ya kujifunza. Jamani wenzetu wamefika mbali. Unaandika anuani, inakupeleka kwenye eneo la sensa ambalo kwa wastani lina watu kama 4,000 hivi, inakupa kipato, umaskini, watoto, nyumba za kupanga, kila kitu kwa picha. Lakini kilichonigusa sio uzuri. Kilichonigusa ni kwamba pembeni ya kila namba wameweka kiwango cha kukosea, jumlisha au toa kadhaa, na pale ambapo kiwango ni kikubwa wanaweka alama kukutahadharisha. Kule takwimu hizo zinatokana na utafiti unaotumwa kwa anuani kama milioni 3.5 kila mwaka, na bado wanakiri kwamba mtaa mdogo una shaka. Sisi ramani zetu zinakuja na rangi tupu, safi, kama vile Mungu ndo kazipaka. Ningekuwa na uwezo wa kuomba kitu kimoja kwa wote wanaotengeneza ramani za Afrika ningeomba hicho tu.

Kwenye kupekua nikafika mpaka kwenye ramani za umaskini za London za mtafiti Charles Booth, zimewekwa mtandaoni na chuo cha LSE cha huko huko London na unaweza kuzizumu mpaka uchochoro. Za mwisho wa karne ya 19, za kwanza zilitoka 1889. Huyu alipaka rangi mtaa kwa mtaa, nyeusi kwa mafukara kabisa, buluu, zambarau, waridi, nyekundu, mpaka njano kwa matajiri, na unaona mtaa wa njano umegeuziana mgongo na wa buluu, kitu ambacho kiboksi cha kilomita 2.4 hakitakuonyesha kamwe. Ila soma maelezo ya ile rangi nyeusi, aliwaita watu wa pale waovu na nusu wahalifu. Mtaa mzima, na watoto wake. Nilikaa nayo muda hiyo. Na ikanifanya niamue kwamba kwenye andiko letu hakuna mtaa utakaopakwa rangi ya umaskini na kuandikwa jina, kwa sababu andiko linasomwa ofisini, linazungumzwa vibarazani, na kesho mtoto anaitwa shuleni kwa rangi ya mtaa wake. Tumeandika idadi ya watoto chini ya miaka mitano na umbali wa kituo kilicho karibu, basi.

Mwisho wa yote tumechagua Mingoyo, upande wa pale njia panda ya Mnazi Mmoja. Ukiangalia ile ramani ya viboksi pale panapendeza, barabara kuu, taa, magari ya Mtwara na Masasi na Dar yanapita. Lakini watoto wadogo ni wengi na mama zao ndo wale unaowaona wanakimbilia madirisha ya mabasi na sahani za korosho na matunda kuanzia asubuhi mpaka giza, wamepanga chumba kimoja, mtoto kamfunga mgongoni katikati ya magari. Ramani ilitusaidia kuona watoto wako wapi, macho yakatuonyesha mama zao wanafanya nini, na wale waliokuwa wanavutia mtaani kwao wakakubali wenyewe bila kununiana, hilo peke yake nawashukuru sana waliotengeneza hizi ramani na kuziacha bure.

Kwa atakayejaribu: tumia laptopu kama unaweza kuazima, kwa simu ndogo nyingi zinagoma au zinakula bando mpaka uchoke. Piga skrinshoti za sehemu zako uzionyeshe kikaoni bila mtandao. Andika pembeni kila namba ni ya mwaka gani na imehesabiwa au imekisiwa. Lugha ni Kiingereza karibu zote, kwaiyo kaa na mtu wa kukusaidia ukitaka kuelewa maelezo ya chini, na maelezo ya chini ndo ya kusoma kwanza. Mimi kwa ujumla WorldPop pamoja na ripoti za kata za NBS nazipa nne kati ya tano, ile ramani ya viboksi ya povertymaps.net naipa tatu, nzuri kwa mkoa, dhaifu kwa mtaa. Mwezi wa tatu tunapita nyumba kwa nyumba Mingoyo kuuliza watoto wanakula mara ngapi, tumeuchagua mwezi huo makusudi, na majibu tutayaweka kwenye andiko pembeni ya namba za sensa.