Sensa au magazeti ya zamani: wanawake wa miji ya migodi utawapata wapi?

Ukitaka kumtafuta mwanamke aliyeishi Virginia City, Nevada, enzi za fedha (madini yale, sio hela), njia kubwa ni mbili na mi nimezizunguka zote mpaka macho yakauma.

Sensa inajaribu kuhesabu kila mtu, hata yule dobi ambaye gazeti halina habari naye. Ya 1880 ndo bab kubwa, maana ndo ya kwanza kuandika kila mtu ni nani kwa mkuu wa kaya, mke, binti, mpangaji. Ila kwenye kazi unakuta "anatunza nyumba" mstari baada ya mstari, hata kama mama wa watu alikuwa anapikia wachimbaji kumi. Halafu ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921, so binti wa 1880 ukimtafuta 1900 ana jina la mume, ushampoteza.

Gazeti lina stori. Julia Bulette, kahaba aliyeuawa pale Januari 1867, magazeti yalimwandika sana na mtu akanyongwa 1868 kwa mauaji hayo. Lakini ona, ilibidi afe vibaya ndo aandikwe! Na waandishi wale walitia chumvi balaa.

Mi naanzia sensa nipate jina na mwaka, ndo naingia Chronicling America, mkusanyo wa magazeti ya zamani mtandaoni wa Maktaba ya Bunge la Marekani, bure kabisa. Kwa aliyeolewa, sachi jina la mume, la kwake mara nyingi hola.