Uzi wa Kufumia Vazi la Ufukweni: Upi Ununue Kwanza, Upi Uuache Rafuni

Ukienda kununua uzi wa kufuma vazi jepesi la kroshia la kutupia juu ya nguo ya kuogelea, mkono utavutwa kwanza na donge lililo laini kuliko yote. Uzuie kidogo. Ulaini wa uzi ukiwa mkavu haukuambii vazi litakuwaje likishalowa maji ya chumvi, likakamuliwa, likaanikwa juani, kisha likavaliwa tena kesho yake. Kwa kazi hii swali la maana ni moja: uzi huu ukilowa, unakuwaje? Ndilo lililonipangia orodha hii, na ndiyo sababu baadhi ya nyuzi zinazosifiwa sana zimeshuka chini.

Unene kwanza, kwa sababu ukikosea hapo aina ya uzi haitakuokoa. Lebo nyingi huwa na mchoro mdogo wa fundo la uzi wenye namba kati ya 0 na 7. Sifuri ni uzi wa lesi, saba ni ule mnene wa kufumia mablanketi makubwa. Vazi la ufukweni ni kazi ya namba 1 hadi 3, na mimi ningebaki kwenye 1 na 2. Namba 4, iliyojaa madukani, ina sifa zake kwenye sweta na kofia, lakini katika kroshia kila mshono huzungusha uzi mara kadhaa mahali pamoja, kwa hiyo kitambaa huwa kinene kuliko uzi wenyewe. Matokeo yake ni gauni linalosimama lenyewe badala ya kuteremka na mwili.

Hata hivyo, usiiamini namba peke yake. Soma mita dhidi ya gramu. Donge la gramu 50 lenye mita 160 au 170 ni uzi mwembamba wa kweli. Donge la uzito uleule lenye mita 85 ni nene, muuzaji auite jina lolote apendalo. Kinachofuma vazi ni mita, si idadi ya madonge, na uzi unaoonekana rahisi kwa donge mara nyingi huwa ghali ukipiga hesabu kwa mita.

1. Pamba ya mesaraizi, nyembamba

Hii ni pamba iliyopitishwa kwenye kostiki soda. John Mercer wa Lancashire, Uingereza, ndiye aliyeanza kuitibu pamba namna hiyo mwaka 1844. Mwaka 1890 Horace Lowe akaongeza hatua ya kuivuta pamba ikiwa ndani ya dawa, na hapo ndipo ule mng'aro ulipopatikana. Mng'aro siyo faida kuu, ingawa ndio unaouza. Faida kuu ni kwamba uzi unakuwa imara zaidi, unashika rangi vizuri na hauna vinyweleo vingi, kwa hiyo matundu ya wavu na maua yanaonekana wazi bila ukungu. Na pamba, iwe ya mesaraizi au siyo, ina tabia ambayo nyuzi nyingi hazina: ikilowa huongezeka nguvu badala ya kupungua.

Kasoro zake zipo. Inateleza kwenye sindano, na mshono uliolegea hauna pa kujificha. Isitoshe, pamba ni nzito: mita kwa mita, uzi wa pamba huwa mzito kuliko wa akriliki (uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki) wenye unene uleule. Ukiliweka vazi kwenye maji, uzito unazidi, na mahali pa kwanza kuonyesha ni kamba za mabega, ambazo hurefuka na kunepa. Dawa ni kuchagua uzi mwembamba, kufuma wavu wenye matundu, na kufuma kamba za mabega kwa mshono mfupi uliokazwa.

Ukisikia pamba ya 8/4, ni unene huohuo ninaousema hapa: uzi wa nyuzi ndogo nne zilizosokotwa pamoja, takriban mita 170 kwa gramu 50. Kuna ya mesaraizi na kuna ya kawaida, kwa hiyo angalia lebo. Vilevile kuna nyuzi za kroshia zinazohesabiwa kinyume, kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Namba 10, inayotumika sana kwa vitambaa vya mezani, hutoa vazi zuri mno, ila uwe na subira ya mvuvi.

2. Pamba iliyochanganywa na kitani

Kama hali ya hewa ya unakokwenda ni joto lenye unyevu, mchanganyiko huu unaweza hata kupanda nafasi ya kwanza. Kitani hunyonya unyevu zaidi ya pamba na huuachia upesi, haking'ang'anii ngozi, nacho pia hupata nguvu kikilowa. Kila kinapofuliwa kinalainika. Tatizo ni siku za mwanzo: kipande kipya hukwaruza kidogo, na wanunuzi wengi hukirudisha rafuni kwa sababu hiyo, ndiyo maana narudia kusema usihukumu kwa kidole. Tafuta mchanganyiko ambao pamba ni nusu au zaidi. Kitani tupu hakivutiki hata kidogo, hivyo mkono huchoka haraka, na mishono isiyolingana huonekana yote. Anayefuma vazi lake la kwanza akiache.

3. Pamba ya kawaida

Haina mng'aro, ni laini zaidi mkononi na inanyonya maji vizuri. Kwa anayeanza, pengine ni rahisi kuliko ya mesaraizi kwa kuwa haitelezi. Imeshuka kwa sababu hupauka mapema zaidi juani, hutoa manyoya inaposuguliwa na mchanga na begi, na hunepa zaidi. Ukiona imeandikwa Pima au pamba ya Misri, hiyo ni pamba ya nyuzinyuzi ndefu, inayotoa manyoya kidogo, mradi lebo inasema kweli.

4. Pamba na mianzi

Hapa ndipo nitakapokorofishana na watu. Uzi wa mianzi ni mtamu kuushika, unang'aa, na vazi lake likiwa kavu huteremka mwilini kuliko yote niliyotaja. Lakini sehemu kubwa ya kinachouzwa kama mianzi ni viskosi: mmea huyeyushwa kwa kemikali, kisha nyuzi hutengenezwa upya kiwandani. Mwaka 2009 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilizishtaki kampuni zilizokuwa zikiuza viskosi kwa jina la mianzi. Viskosi si kitu kibaya, ila ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, hata kukaribia nusu. Vazi zito la viskosi tupu ukilivua likiwa limelowa, ukalining'iniza kwenye kigingi, linaweza kurefuka lisirudi tena.

Kwa hiyo nunua mchanganyiko wenye pamba nyingi, na uutumie kwa vazi la kutembelea ufukweni, siyo la kuingia nalo majini.

5. Pamba na akriliki

Nyepesi, hukauka upesi, rangi tele. Sina ugomvi nayo kwa vazi la mtoto ambalo litamfaa msimu mmoja tu. Ila jihadhari na yale madonge bapa yenye rangi zinazobadilika taratibu. Mengi yao yana nyuzi nne zilizolazwa bega kwa bega bila kusokotwa, na sindano itadaka tatu na kuiacha moja, mshono baada ya mshono.

Akriliki tupu iache. Haivuti unyevu kutoka mwilini, kwa hiyo jasho hubaki pale lilipo. Sufu usiifikirie kwa kazi hii. Uzi wa fulana, ule mnene unaokatwa kutoka kitambaa cha fulana, ni mzuri kwa begi la kubebea taulo, wala si kwa kuvaliwa na mtu.

Kiasi, rangi na vyeti

Blauzi fupi isiyo na mikono, kwa mtu mzima wa umbo la kati, hula takriban mita 350 hadi 500 za uzi mwembamba. Vazi la wavu linalofika mapajani hula mita 700 hadi 1,100, ikitegemea ukubwa wa matundu na urefu wa mikono. Kwa uzi wa mita 170 kwa donge, hayo ni madonge matano hadi saba. Ongeza moja. Hakikisha yote yana namba moja ya mkupuo wa rangi, ile iliyochapwa kwenye lebo karibu na namba ya rangi yenyewe. Madonge mawili ya rangi moja yaliyotiwa rangi siku tofauti yanaweza kufanana taa ya dukani ikiyamulika, na kutofautiana kabisa kifuani.

Kwa rangi nzito, hasa nyekundu na buluu iliyokolea, lowesha kipande cha kitambaa cheupe, ukibane na uzi kwa dakika moja, usugue. Kikichafuka, nguo ya kuogelea iliyo chini nayo itachafuka.

Lebo ya OEKO-TEX Standard 100 ina maana kwamba bidhaa imepimwa isiwe na kemikali zenye madhara. Haisemi kwamba pamba ililimwa kwa kilimo hai. Anayetaka hilo atafute lebo ya GOTS, cheti cha nguo na nyuzi za kilimo hai. Kwa uzi utakaokaa juu ya ngozi yenye jasho, ya kwanza ningeijali zaidi.

Usinunue madonge yote kabla ya kufuma kipande cha majaribio, kama duka litakukubalia kuanza na donge moja na kukuwekea mengine. Fuma sentimita 15 kwa 15, pima, kiloweshe, kikamue kwa taulo, kining'inize kwa pini mbili hadi kikauke, kisha pima tena. Kikiwa kimerefuka sentimita mbili, vazi zima litafanya zaidi ya hivyo kwa uzito wake lenyewe.

Kuhusu sindano, usifuate lebo kwa utii. Uzi wa namba 1 au 2 mara nyingi huandikiwa milimita 2.5 hadi 3.5, lakini kwa wavu unaopitisha upepo panda hadi 4, wakati mwingine 4.5. Nunua mbili zilizopishana kwa nusu milimita, ile ndogo iwe ya kingo, shingo na kamba. Na kama umechagua pamba ya mesaraizi na uzi unakuponyoka, sindano ya mbao hushika vizuri kuliko ya alumini.