Mvinyo wa Bourgogne kwenye meza moja mjini Beaune: chupa nne na thamani yake

Anayetaka kuujua mvinyo wa Bourgogne bila kumaliza akiba yake ana njia moja ninayoiona kuwa bora kuliko nyingine, nayo ni kukaa na marafiki katika mkahawa wenye orodha nzuri, kuchangishana fedha, kuagiza chupa chache zilizochaguliwa kwa makusudi, na kuzionja huku zikilinganishwa. Hivyo ndivyo tulivyofanya mjini Beaune, mji mdogo wenye kuta za kale ulio katikati ya mashamba ya mizabibu ya Côte d'Or, katika eneo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Mkahawa wenyewe ni mmoja wa ile iliyo karibu na Hôtel-Dieu, hospitali ya kale iliyoanzishwa mwaka 1443, lakini ninachotathmini hapa zaidi ni mvinyo. Hukumu yangu naitoa mapema: chupa mbili za majina makubwa zilituachia maswali, na chupa mbili kutoka vijiji visivyovuma sana zikatupa raha kamili.

Tulikuwa sita mezani, watano tukionja na mmoja, ambaye hatumii kileo, akiwa amekuja kwa ajili ya chakula na mazungumzo. Dada yetu kutoka Lubumbashi, aliyesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, alizungumza na msimamizi wa mvinyo kwa niaba yetu. Kaka aliyekulia Hombolo, Dodoma, katika familia ya wakulima wa zabibu, ndiye aliyeuliza maswali magumu. Chupa ya sentilita 75 ikigawanywa kwa watu watano humpa kila mmoja sentilita 15, kiasi kinachotosha kunusa, kuonja, kuiacha glasi itulie na kuirudia baada ya nusu saa. Tuliomba pia bakuli la kutemea, na hakuna aliyetushangaa, kwa kuwa katika mji huu kutema ni sehemu ya kazi. Wote tulilala ndani ya mji na kurudi kwa miguu, jambo ninalolisisitiza kwa sababu sheria ya Ufaransa humruhusu dereva kiwango cha chini ya gramu 0.5 tu za kileo kwa lita ya damu.

Karibu mvinyo wote wa thamani wa Bourgogne hutokana na aina mbili za zabibu, Pinot Noir kwa mwekundu na Chardonnay kwa mweupe. Mwaka 1395 mtawala wa eneo hilo, Philippe le Hardi, aliamuru zabibu za Gamay zing'olewe, na Pinot Noir ikabaki kutawala mteremko huo. Kwa kuwa zabibu ni zile zile, wenyeji wanaitafuta tofauti ardhini, katika vipande vidogo vya shamba viitwavyo climats, ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Vipande hivyo vimepangwa kwa ngazi: chini kuna mvinyo wenye jina la eneo zima, juu yake mvinyo wa kijiji, kisha premier cru, na kileleni grand cru, ambazo ni 33 tu. Wageni wengi huzichukua ngazi hizo kama alama za utamu, na hapo ndipo fedha hupotea. Ngazi hueleza kile ambacho ardhi inaweza kutoa. Haielezi mkulima alifanya nini katika mwaka husika, wala haielezi kama chupa iliyo mbele yako imefikia umri wa kufunguliwa.

Tulianza na Saint-Aubin premier cru En Remilly ya mwaka 2017, ya Domaine Hubert Lamy (domaine ni nyumba ya mkulima anayetengeneza mvinyo wake mwenyewe). Saint-Aubin ni kijiji kilichojificha katika bonde nyuma ya Puligny-Montrachet, na kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa na baridi mno kiasi cha kutostahili kutajwa pamoja na jirani zake. En Remilly, hata hivyo, inapakana na Chevalier-Montrachet, grand cru ambayo chupa yake moja ingemaliza bajeti yetu yote. Glasi ya kwanza ilikuwa baridi kupita kiasi na haikutoa harufu yoyote ya maana. Ilipopanda kufikia kama nyuzi 12 ikaanza kufunguka, kwanza ganda la limau, kisha tufaha la kijani, na nyuma yake harufu kavu ya jiwe lililolowa mvua, ambayo wote watano tuliitaja bila kuambizana. Mdomoni mvinyo huu una uchachu ulionyooka, hauna mafuta mengi, na ladha yake inabaki muda mrefu baada ya kumeza. Kilichonivutia zaidi ni kwamba pipa la mwaloni halikusikika kama kitu cha pembeni. Lilikuwa limeyeyuka ndani ya tunda. Kwangu hii ndiyo chupa bora ya usiku ule.

Iliyofuata ni Meursault premier cru Les Perrières ya 2018, ya mtengenezaji ambaye sitamtaja kwa sababu sikuridhika naye. Meursault haina grand cru hata moja, na wajuzi wengi husema kwamba kama ingepewa, Perrières ingekuwa ya kwanza kupewa. Ardhi ile ina mawe mengi ya chokaa na udongo wake ni mwembamba, kwa hiyo tulitarajia mvinyo wenye mkazo. Tulipata utajiri wa kweli, siagi na karanga zilizokaangwa, pamoja na uzito unaojaza kinywa, lakini mwaka 2018 ulikuwa wa joto, na mtengenezaji akaongeza mwaloni mpya mwingi kiasi kwamba vanila ilitangulia kila kitu. Wawili kati yetu waliipenda kuliko Saint-Aubin, na ninaiheshimu sababu yao, maana iliendana vizuri na samaki wa mto aliyepikwa kwa krimu. Mimi naona kwamba shamba lenye jina kama hilo halihitaji kufunikwa kwa ladha ya pipa.

Kwa mvinyo mwekundu tulichagua chupa mbili za nyumba moja, Domaine Chandon de Briailles ya Savigny-lès-Beaune, ili mkono uwe mmoja na tofauti ibaki ya ardhi na umri. Nyumba hii hulima kwa njia ya bayodinamiki, aina ya kilimo hai kisichotumia kemikali za viwandani, na inajulikana kwa kuchachusha vichala vizima pamoja na vikonyo vyake, utaratibu unaoupa mvinyo harufu ya viungo na uchangamfu ambao baadhi ya wanywaji huupenda na wengine hawauvumilii. Chupa ya kwanza ilikuwa Pernand-Vergelesses premier cru Île des Vergelesses ya 2017. Mwaka huo mavuno yalikuwa mengi, na mvinyo mwekundu uliotoka ni wa kunywewa mapema. Rangi yake ilikuwa nyepesi, mwanga wa mshumaa ukipita ndani ya glasi, na mwenzetu mmoja aliyezoea mvinyo mzito wa Bordeaux alidhani kwamba ni dhaifu hadi aliponusa. Kulikuwa na cheri, waridi lililokauka na pilipili manga. Tanini, ule ukakasi utokao kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, zilikuwa laini, na uchachu uliisukuma ladha mbele bila kuuma. Kadiri saa zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa nzuri, na ndiyo chupa iliyokwisha kwanza.

Corton-Bressandes ya 2019 ndiyo iliyotusumbua. Corton ndiyo grand cru pekee ya mvinyo mwekundu katika Côte de Beaune, nusu ya kusini ya Côte d'Or, na Bressandes ni miongoni mwa vipande vinavyoheshimiwa zaidi kwenye mteremko ulio juu ya Aloxe-Corton. Hakuna aliyeshuku ubora wake: tunda jeusi, udongo, harufu ya damu na chuma, na ladha inayodumu mdomoni kwa urefu ambao Pernand haikuweza kuufikia. Lakini tanini zilikamata ulimi kama bibo la korosho lisiloiva, na kila tuliporudi kwenye glasi tulikuta mlango umefungwa. Msimamizi wa mvinyo aliimimina katika chombo kipana cha kioo ili ipate hewa, na baada ya saa mbili ilikuwa imelegea kidogo tu. Mvinyo wa aina hii, wa mwaka wa joto na ukame kama 2019, unastahili miaka kumi ya kulala, pengine zaidi. Simlaumu mtengenezaji hata kidogo, kwani alitengeneza mvinyo wa kusubiriwa. Mkahawa ndio ungetakiwa kutuonya kabla ya kuifungua, na haukufanya hivyo.

Kasoro nyingine za huduma zilikuwa mbili. Chupa nyekundu zililetwa zikiwa na joto la chumba kilichojaa watu, wakati Pinot Noir hupendeza kwenye nyuzi 15 au 16. Ilibidi dada yetu aombe ndoo ya barafu, na dakika kumi ndani ya ndoo hiyo ziliibadilisha Pernand kabisa. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Jikoni mwa Bourgogne karibu kila kitu hukutana na mvinyo: nyama ya ng'ombe hutokoswa ndani yake, mayai huchemshwa ndani yake, na nyama ya nguruwe iko kila upande wa orodha. Mwenzetu asiyetumia kileo alikuwa ameeleza hali yake wakati wa kuweka nafasi, lakini mhudumu alimwambia kwamba kileo huisha chote jikoni, jibu lisilo sahihi na lisilo na heshima. Mpishi alipoitwa alilimaliza jambo kwa uungwana, akamwandalia kuku wa Bresse aliyeokwa kwa siagi na uyoga, pamoja na juisi ya zabibu iliyoletwa katika glasi ile ile tuliyotumia sisi. Vitafunio vya jibini vya mwanzo, gougères, vilikuwa vya moto na vyepesi, na vilifaa kwa kila mtu mezani.

Kaka wa Hombolo aliuliza kwa nini bei zimepanda kiasi hiki, na jibu alilolipata kwa msimamizi lilikuwa wazi. Dodoma haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, na kwa kupogoa vizuri mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Bourgogne huvuna mara moja tu, na mzabibu unaochipua mapema kwa sababu ya joto la Machi unaweza kuunguzwa na jalidi ya Aprili, kama ilivyotokea mwaka 2016 na tena mwaka 2021, ambapo baadhi ya wakulima walipoteza sehemu kubwa ya mavuno yao. Mashamba hayawezi kupanuliwa, wanunuzi wa dunia nzima wanaongezeka, na chupa zinazobaki hupanda bei.

Kila mwonjaji alilipa takriban euro 120 kwa mvinyo peke yake. Corton iligharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya Pernand, na kwa fedha hizo tungeweza kuongeza chupa ya Savigny-lès-Beaune na nyingine ya Marsannay, bado ikabaki ya kahawa. Kwa anayefuata nyayo zetu, nashauri orodha iombwe siku moja kabla, umri wa kila chupa uulizwe, na Jumapili ya tatu ya Novemba iepukwe, kwa kuwa siku hiyo hufanyika mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, taasisi ya hospitali ile ya kale, ulioanza mwaka 1859 na meza huwa adimu. Mimi nikikaa tena pale nitaagiza En Remilly pamoja na Île des Vergelesses, na nitaomba ndoo ya barafu kabla kizibo cha kwanza hakijang'olewa.