Kongamano la Wanafunzi kuhusu Falsafa ya Ujumi: Mijadala Imeiva, Kazi za Sanaa Hazipo Ukumbini

Nimehudhuria kongamano la siku mbili la wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuhusu falsafa ya ujumi, yaani falsafa ya uzuri na sanaa, katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, na tathmini hii ni kwa ajili ya mwanafunzi anayejiuliza kama inafaa kutoa nauli na ada ya ushiriki kwa fani ambayo wengi huiona kuwa anasa. Inafaa, tena sana, ingawa waandaaji wana jambo moja zito la kurekebisha.

Utaratibu wa vikao ndio ulionivutia kwanza. Ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa kila makala, zilichujwa bila majina ya waandishi, na kila makala iliyokubaliwa ilikabidhiwa mwanafunzi mwingine, ambaye aliisoma yote mapema na kuandaa majibu kwa maandishi. Mwasilishaji alipewa dakika 20, mjibu hoja dakika 10, kisha wasikilizaji wakakaribishwa kuuliza. Tumezoea makongamano ambamo mtu husimama kwa kisingizio cha swali akatoa hotuba. Hapa, kwa kuwa mkosoaji wa kwanza alikuwa ameisoma makala neno kwa neno, mjadala ulianza kwenye kiini cha hoja na aghalabu ulibaki hapohapo.

Wasilisho bora kwangu lilihusu nakala katika uchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ileile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba, na alipofariki mwaka 1972 aliacha wanafunzi walioendeleza mtindo wake, hata leo chui au ndege wa aina moja huchorwa na mikono mingi. Mwaka huohuo wa 1968, mwanafalsafa Nelson Goodman wa Marekani alichapisha hoja yake kwamba katika uchoraji, tofauti na muziki, nakala haiwezi kuwa kazi yenyewe hata ikifanana nayo namna gani, kwa sababu historia ya utengenezaji wake ni sehemu ya utambulisho wa kazi. Mwasilishaji aliuliza hoja hiyo inasimamaje pale ambapo fundi na wanagenzi wake hawaoni kurudia mchoro kuwa wizi, akapendekeza kwamba mchoro wa Tingatinga una undugu zaidi na wimbo unaoimbwa upya. Mjibu hoja alimbana papo hapo: kama ni hivyo, kwa nini wanunuzi huzithamini zaidi picha zilizotoka mkononi mwa mwalimu mwenyewe? Swali hilo halikupata jibu kamili, lakini lilinilazimisha kufikiri upya jambo nililodhani nimekwisha kulimaliza darasani.

Hata hivyo, wakati wote huo hapakuwa na picha hata moja ya Tingatinga ukumbini. Tulitazama slaidi kupitia projekta iliyochoka, madirisha yakiwa hayana mapazia, na rangi ambazo mwasilishaji alizisifu kwa ukali wake zilipauka hadi manjano na nyeupe zikawa hazitofautiani. Kasoro hii si ya vifaa tu. Tangu mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alipoandika kuhusu uamuzi wa uzuri mwaka 1790, inajulikana wazi kwamba sifa za watu mia moja haziwezi kumlazimisha mtu akione kizuri kitu ambacho yeye mwenyewe hakioni hivyo. Kila mmoja sharti akitazame. Nasi tuliombwa tukubali kwa kusikia.

Tofauti ilionekana siku ya pili, mwasilishaji mmoja alipoweka mezani kinyago cha Kimakonde alichokinunua kwenye soko la wachongaji la Mwenge, cha mtindo wa ujamaa, watu wakiwa wamebebana toka chini hadi juu. Kilipopita mkono kwa mkono, washiriki walishangazwa na uzito wa mpingo, wakagundua kwamba mchongaji ameacha ukanda wa mti wa nje, mweupe kiasi, upande wa mgongo, ambao picha ya mbele isingeuonyesha kabisa. Mjadala kuhusu iwapo mguso ni sehemu ya kuithamini sanaa ulichangamka pasipo mwenyekiti kuusukuma, na hata washiriki waliokuwa kimya tangu asubuhi ya kwanza walisema.

Kuhusu mengineyo, chakula kilitosha, muda ulizingatiwa, na uhuru wa kuwasilisha kwa Kiswahili au Kiingereza ulitumiwa vizuri.

Ninawasihi waandaaji wapeleke angalau kikao kimoja kwa wachongaji wa Mwenge au kwa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, na wawalipe mafundi hao kama wanavyowalipa wazungumzaji waalikwa. Kwa atakayetuma ikisiri, achague swali moja jembamba na kazi moja ya sanaa anayoweza kuibeba, kwa maana makala zilizotaka kueleza uzuri wote wa Afrika kwa dakika 20 ndizo zilizoanguka mbele ya wajibu hoja.