Namirembe: nendeni, ila si na huyu mtembezaji

Kijana aliyenitembeza Namirembe, kilima cha Kampala chenye kanisa kuu la Kianglikana, kanitumia ujumbe eti nimwandikie maoni mazuri. Haya.

Alitutangazia "kanisa la kale la Kigothiki". Mimi hupenda minara mirefu na matao yaliyochongoka, nikalipa kabla ya safari. Kufika kilimani, naona kuba. Kuba nene, la mviringo! Nikamuuliza Gothiki iko wapi. "Madamu, hayo matofali ndiyo Gothiki."

Hilo ningelimeza. Lakini akatusimamisha kwenye ngazi na kutuambia kwamba Askofu Hannington, yule mmisionari Mwingereza, aliuawa papo hapo. Nikamwambia kwa upole, kaka, Hannington aliuawa Busoga, huko mashariki mwa Uganda, mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kabla hajatia mguu huku Mengo kwenye makao ya mfalme. Hapa yaliletwa mabaki yake tu, yakazikwa. Akawageukia wenzangu: "Dada huyu kumbe amekuja kutufundisha." Wakacheka. Nikacheka nao, huku nachemka. Kuanzia hapo sikuona dirisha wala madhabahu, nilimwona yeye tu na miwani yake ya jua aliyoivaa mpaka ndani ya kanisa.

Kwa hiyo nilishaamua: msijisumbue.

Ila nilijitenga nao nikaenda makaburini peke yangu. Hannington yupo, na daktari Albert Cook yupo, yule aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, hapo chini tu. Na hadithi tamu kuliko zote kijana wetu hakuigusa hata kidogo: kanisa moja la kilima hiki liliangushwa na upepo mwaka 1894, jingine likapigwa radi na kuungua mwaka 1910, ndipo wakajenga hili la matofali lililokamilika mwaka 1919. Watu wamebomolewa na upepo, wamechomwa na radi, na bado wakapanda kilima kilekile kujenga tena! Mtu analipwa kusimulia, anaacha hayo, anatunga ya ngazini.

Ukigeuka unaona kilima cha Rubaga na kanisa la Wakatoliki, na upande wa pili mnara wa msikiti wa Old Kampala. Pale nilikaa mpaka boda wangu akaanza kupiga honi.

Basi nendeni. Kama mnatafuta Gothiki hasa, msiende. Au nendeni tu, mpande boda wenyewe, na akitokea kijana mwenye miwani akisema anajua historia, mwulizeni kwanza Busoga iko wapi.