AnkiDroid kwa sisi tunaosoma huku tupo kazini: nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema kabisa, hii sio app ya kukufundisha. Ukiipakua ukidhani utafungua ukute mwalimu anakuelezea hesabu za makampuni utaifuta siku hiyo hiyo. AnkiDroid ni app ya kadi za maswali, mbele swali nyuma jibu, basi. Ni ya bure Play Store, haina matangazo, wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea, na mama yake Anki ya kwenye kompyuta ipo tangu 2006, aliianzisha jamaa anaitwa Damien Elmes. Wa iPhone mnalipia dola 24.99, au kama hela hiyo inauma mnaingia AnkiWeb kwenye brauza mnasoma bure hivyo hivyo.

Mi nasomea CPA, ile mitihani ya uhasibu. Mchana niko kwenye vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi, jioni narudi Gongo la Mboto, na tuliopo hali hii tuna wimbo mmoja tu, "muda sina". Tarehe 20 ritani ya VAT inatakiwa iwe imeingia, mwisho wa mwezi kufunga hesabu, mashine ya risiti (EFD) inazingua bosi anakuita wewe, foleni, ukifika home mtoto anataka akurukie mgongoni, halafu umeme nao ukate. Na shida ya visingizio vyetu ni kwamba vyote ni vya kweli aisee! Hakuna hata kimoja cha kutunga, ndo maana hata mwenzako akikuuliza mbona husomi unamjibu kwa kujiamini na yeye anakuelewa na mnaagiza chai.

Ila ndani ya hiyo "muda sina" kuna kitu tumekimeza bila kukitafuna, kwamba kusoma ni lazima iwe meza, kiti, madesa na masaa mawili ya ukimya. Hayo masaa mawili kweli sina, ila dakika kumi kumi za kipuuzi ninazo kibao, kituoni, benki kwenye foleni, kumsubiri mteja aliyesema "nipo hapa karibu". Hii app imetengenezwa kwa ajili ya dakika hizo.

Inavyofanya kazi sasa. Unaona swali, unajibu kichwani, unafunua, kisha unaiambia mwenyewe ilikuwaje kwa vitufe vinne, Again (nimekosa), Hard (ngumu), Good (nimepata), Easy (rahisi). Kadi mpya ukibonyeza Good inarudi baada ya dakika kumi hivi, ukiipata tena inarudi kesho, halafu inakaa siku kadhaa, halafu wiki, halafu mwezi, inazidi kwenda mbali kadri unavyoikumbuka. Ukiikosa inarudishwa nyuma. Hii sio mbwembwe, kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, 1885 alitoa matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha tunasahau haraka sana mwanzoni na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurundika siku moja. Yaani ule mkesha wetu wa kupiga msuli usiku wa kuamkia pepa ulishachambuliwa zamani sana.

Kadi yangu moja inatoka kwenye IAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu, ipo hivi: "IAS 37, masharti matatu ya kuweka provisheni (tengo la deni ambalo kiasi au tarehe yake haijajulikana kamili)?" Nyuma: kuna wajibu sasa hivi uliotokana na jambo lililokwisha tokea, kuna uwezekano mkubwa hela itatoka, kiasi kinakadirika kwa kuaminika. Imeisha hiyo. Nyingine inauliza tu stoku inapimwa kwa nini chini ya IAS 2, jibu ni gharama au thamani halisi ya kuuzia, iliyo ndogo. Kadi ziwe fupi hivyo hivyo jamani, kadi ya mistari kumi sio kadi hiyo ni desa limevaa nguo ya kadi, utakuwa unaiangalia unasema "aah hii naijua" na unapita huku hujui kitu.

Kwenye daladala ukiwa umesimama kuna kitu kimoja hawakitangazi vya kutosha. Ingia mipangilio, sehemu ya vidhibiti, unaweza kuvipa kazi vile vitufe vya sauti pembeni ya simu, cha juu kiwe kufunua jibu na Good, cha chini kiwe Again. Basi mkono mmoja umeshika bomba, mwingine simu, kidole gumba kinafanya kazi peke yake na konda akija kudai nauli hujapoteza chochote. Haihitaji bando wakati unasoma, kadi ziko kwenye simu, bando unalitaka pale unapotaka zilingane na za kompyuta tu. Angalizo la mjini: siti ya dirishani na simu mkononi gari likiwa foleni, hapana, wale vijana hawajali unasoma IAS ngapi.

Kitu nilichokipenda na kukichukia kwa pamoja ni ukurasa wa takwimu. Kuna kalenda ya mwaka mzima, siku uliyosoma ina rangi na ambayo hukusoma ni kiboksi kitupu, na app haijui kwamba kulikuwa na msiba au umeme ulikatika au Simba na Yanga walikuwa wanacheza, yenyewe inakuonyesha kiboksi kitupu tu. Sasa ukitaka kuumia zaidi fungua mipangilio ya simu yenyewe uangalie siku hiyo hiyo ulikaa TikTok dakika ngapi. Mi sikuhitaji mtu wa kunisema baada ya hapo.

Mapungufu yapo. Sura yake ni ya kizamani, mipangilio ni msitu, na mtu mpya anaweza kukata tamaa kwa kuona namba namba tu. Ikifunguliwa inakuja na kadi mpya 20 kwa siku, hiyo kwa mtu wa kazini ni nyingi, maana kila kadi mpya leo ni marudio mengi huko mbele na baada ya wiki chache unakuta mlima unakusubiri, unaogopa, huifungui kabisa. Weka tano, zisizidi kumi. Deki (mafungu ya kadi) za bure za kupakua zipo nyingi lakini wanaotamba huko ni wanafunzi wa udaktari wa Marekani na watu wa lugha, sisi wa NBAA (bodi ya wahasibu inayotunga mitihani yetu) tunatengeneza wenyewe, kazi ambayo ni bora uifanye kwenye kompyuta Jumapili kuliko kuhangaika na kibodi ya simu. (Japo kutengeneza kadi kwenyewe ni nusu ya kusoma, ukweli usemwe.)

Na hesabu haikufundishi. Swali la kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu unalifanya kwa kalamu, karatasi na saa mbele yako, hapo meza inahitajika na hakuna njia ya mkato. Nilichopata ni kwamba nikikaa hiyo Jumapili sianzi tena kutafuta kanuni ilisemaje, naingia moja kwa moja kwenye namba. Ukiilinganisha na yale magrupu ya WhatsApp ya kusomea, ambayo asubuhi ni picha za maua na Ijumaa Kareem, mchana "mwenye past paper atume", usiku kimya, mbona hata sio mashindano.

Naipa nne kati ya tano. Ile moja naishikilia kwa sababu ya kodi, huku app haina namna ya kukusaidia. Kila mwaka Sheria ya Fedha mpya inaanza tarehe 1 Julai, viwango na masharti yanabadilika, na kadi ya zamani itaendelea kukuletea jibu la mwaka jana kwa uaminifu wote na wewe utabonyeza Good. Kwa hiyo kadi zote za kodi ziwekee lebo yenye mwaka, na ikifika Julai uzisimamishe zote kwanza ndo uanze kuzipitia moja moja.